James Dewar, fundi wa baridi, na macho mawili ya wengine

Kila asubuhi kwenye barabara ya kwenda kazini tunaona termosi. Iko ndani ya mfuko, karibu na mkate. Mama anaijaza chai saa kumi ya usiku, mume anashuka nayo shimoni, na saa sita ya mchana chai bado inachoma ulimi. Wengi wetu tunafikiri hiyo chupa ilitengenezwa juu ya chai. Hapana. Ilizaliwa kwa kulinda baridi, tena baridi ya ajabu, ile inayogeuza hewa tunayopumua kuwa maji. Mtu aliyeitengeneza aliitwa James Dewar. Alikufa zamani, mwaka wa 1923, na vitabu vinamsifu. Lakini katika maisha yake kuna wafanyakazi wawili, Lennox na Heath, ambao kila mmoja aliacha jicho lake katika kazi ya huyu bwana. Sisi watu wa sendika tunapenda kuhesabu wote watatu.

Dewar alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 9, mwaka wa 1842, huko Kincardine, mji mdogo wa Uskoti. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Mtoto akiwa na miaka 10 hivi, alikuwa akicheza juu ya maji yaliyoganda, barafu ikapasuka, akazama. Walimtoa, lakini homa ilimkamata na kumwingia katika viungo, miaka miwili akawa anatembea na magongo. Angalia sasa: baridi yenyewe njo ilimtia alama kwanza. Katika ile miaka ya ugonjwa, fundi mbao wa kijiji akamfundisha kutengeneza violini. Vidole vyake vikajifunza kushika kitu chembamba bila kukivunja, na uzee wake wote Dewar alikuwa akisema kwamba hakuna shule iliyomfaa kuliko ile karakana. Alipofika miaka 15 baba na mama wote walikuwa wamekwisha kufa. Akasoma universite ya Edinburgh, akawa profesa Cambridge mwaka wa 1875, na mwaka wa 1877 akapata pia kiti katika Royal Institution ya London. Vile viti viwili alivishika pamoja mpaka kufa.

Hiyo Royal Institution sisi wachimbaji tunapaswa kuijua. Humphry Davy, yule aliyetengeneza taa ya usalama ya wachimbaji wa makaa mwaka wa 1815, ile inayomulika bila kuwasha gazi ya shimoni, alikuwa mtu wa nyumba hiyo. Baada yake akaja Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye alianza humo kama mtu wa kusaidia, kuosha na kupanga vyombo. Na kila Ijumaa jioni kulikuwa na mazungumzo: wakubwa wa London na wake zao walikuja, nguo nzuri, wakakaa kwenye viti vya ngazi, na profesa akawaonyesha maajabu juu ya meza. Pale Dewar alikuwa mfalme. Alipenda watu washangae.

Sasa tueleze maajabu yenyewe. Hewa ni gazi, na sehemu yake kubwa, kama 78 katika 100, ni azoti, ile ambayo vitabu vingine vinaita naitrojeni. Nyingine, kama 21, ni oksijeni. Kwa muda mrefu watu waliamini hizo gazi haziwezi kuwa maji hata uzikandamize namna gani. Mwaka wa 1877 Cailletet wa Ufaransa na Pictet wa Uswisi walipata ukungu na matone ya oksijeni, yakapotea papo hapo. Mwaka wa 1883, katika mji wa Kraków, Wroblewski na Olszewski wakapata maji yake kweli, yanayotulia na kuchemka ndani ya kioo. Oksijeni inachemka kwenye digrii 183 chini ya sifuri. Azoti inachemka kwenye 196 chini ya sifuri. Kongelateri ya nyumbani, ile inayogandisha samaki, inafika 18 tu chini ya sifuri. Na ile baridi ya mwezi wa saba ambayo inatufanya tuvae makoti mawili Kolwezi, kwa azoti ya maji ni tanuru.

Dewar alisikia habari ya Kraków, akachukua njia hiyo na kuipanua. Wengine walikuwa na matone, yeye alitaka jagi nzima, apate kuimwaga mbele ya watu. Mwaka wa 1891 ilifika miaka 100 tangu Faraday azaliwe, na Dewar akaonyesha oksijeni ya maji, rangi ya samawati kidogo sawa mbingu ya asubuhi. Katika mwaka huohuo aliona kwamba hayo maji yanavutwa na sumaku. Ukiweka sumaku kubwa karibu, oksijeni inaruka kutoka katika chombo na kujishika kwenye chuma, inaning'inia pale mpaka ikauke. Nani angekosa kupiga makofi?

Tangu wakati wake mpaka leo, michezo ya hewa ya maji na azoti ya maji inafanana. Unachovya ua, unalitoa, unaligonga mezani: linavunjika sawa glasi. Mpira wa kuchezea unatupwa chini, badala ya kuruka unapasuka vipande. Zebaki, ile madini ya maji ambayo wachimba zahabu wanaijua, inakuwa ngumu, unaifanya nyundo na kupiga msumari kwenye mbao. Birika yenye hewa ya maji inawekwa juu ya barafu, na inachemka kwa nguvu, mvuke unatoka mdomoni, juu kwake barafu ni moto. Dewar alionyesha pia kwamba ganda la yai na manyoya ya ndege, vikipozwa vile na kumulikwa, vinatoa mwanga wao gizani. Watoto aliwafundisha vilevile, katika yale masomo ya Noeli ambayo nyumba ile inafanya kila mwaka. Hatuwezi kusema ni upuuzi. Mtoto aliyeona birika ikichemka juu ya barafu, hatasahau maisha yake yote kwamba moto na baridi ni hesabu moja.

Lakini tusimame hapa kidogo, juu ya kila mchezo kuna mlango wa nyuma.

Litre moja ya azoti ya maji, ikipata joto, inakuwa karibu litre 700 za gazi. Ukiifunga katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, haina mahali pa kwenda. Chupa itapasuka, na vipande havichagui. Ukiimwaga katika chumba kidogo bila dirisha, zile litre zote zinafukuza hewa. Azoti haina harufu, haina rangi, haikohoreshi. Mtu anaanguka bila kujua kwamba anaanguka, na yule anayekimbia kumwokoa anaanguka juu yake. Haya hatuhitaji kusoma katika kitabu. Anayejua hewa iliyokufa ya chini ya shimo anajua tunasema nini. Tena kuna mchezo wa mkono. Ukimwaga matone juu ya ngozi yanakimbia sawa maji juu ya sahani ya moto, hayakuchomi, kwa sababu mvuke wake unaweka godoro jembamba kati ya ngozi na maji. Vijana wanapenda kujisifu kwa hilo. Lakini yakinaswa ndani ya glavu, au katika nguo, au katika kiatu, godoro linakwisha, na baridi inachoma nyama sawasawa na chuma cha moto.

Hewa ya maji ina ujanja wake mwingine. Azoti inachemka mbele, oksijeni inabaki. Ni kusema, chombo ulichokiacha asubuhi na hewa ya kawaida, jioni kina oksijeni mingi. Wale wanaokata vyuma kwa oksijeni katika atelie wanajua kwa nini tunakataza mafuta na grisi karibu na chupa zake. Mjerumani Linde aliyejenga mashini ya kutengeneza hewa ya maji mwaka wa 1895, alichanganya oksijeni hiyo na unga wa makaa ya mbao, akapata baruti ya kupasua mawe, na migodi ya nchi mbalimbali iliitumia baadaye. Kitu kilekile kilichowafurahisha wamama wa London kwenye Ijumaa jioni, kinaweza kubomoa ukuta wa jiwe.

Katika laboratwari ya Dewar, iliyokuwa chini ya ile sala ya makofi, kazi ilikuwa kukandamiza gazi kwa mashini kubwa, kufungua na kufunga vani, kushika vioo vilivyonyonywa hewa. Vioo vilipasuka, tiyo zilipasuka. Dewar mwenyewe hakukimbia. Lazima tuseme ukweli, alisimama karibu na hatari sawa wengine, hakukaa ofisini. Lakini Robert Lennox alipoteza jicho katika mlipuko. Na Heath pia, jicho moja, katika mlipuko. Wakaendelea na kazi. Profesa alikuwa mtu wa hasira ya haraka, hakuvumilia kosa la mtu, na utukufu hakupenda kuugawa. Katika karatasi alizosoma mbele ya wasomi, majina ya wasaidizi yalikuja mwishoni, katika maneno ya shukrani, kama chumvi inayonyunyizwa chakula kikiisha kuiva.

Mwaka wa 1897 Uingereza ilitoa sheria ya kulipa wafanyakazi wanaoumia kazini. Sheria ile ilitaja reli, viwanda, migodi, machimbo ya mawe. Laboratwari haikutajwa. Wachimbaji wa makaa walikuwa na sendika zenye nguvu za kupiga kelele. Wasaidizi wa profesa walikuwa watu wachache, chini ya nyumba ya heshima, bila sauti.

Turudi kwa chupa. Shida ya Dewar ilikuwa hivi: alipata maji ya baridi kwa gharama kubwa, halafu yakachemka na kwisha mbele ya macho yake, kwa sababu joto la chumba linaingia kupitia kioo. Mwaka wa 1892 akaweka kioo ndani ya kioo, akanyonya hewa yote katikati. Pasipo hewa joto halina gari la kupanda. Baadaye akapaka ukuta wa ndani zebaki au fedha, ung'ae sawa kioo cha kujitazamia, urudishe hata joto lile linalosafiri kama mwanga. Maji yakakaa kama mara 30 zaidi. Rahisi namna hii! Na tazama, mtu ambaye aliweza kugombana na dunia nzima juu ya nani alikuwa wa kwanza, hapo hakuchukua breve. Alidhani ni chombo cha wasomi tu. Fundi vioo wa Ujerumani, Reinhold Burger, akaona kwamba kinachozuia joto kuingia kinalizuia pia kutoka. Akaiwekea ganda la chuma, akachukua breve yake, na mwaka wa 1904 jina Thermos likaanza kuuzwa. Dewar akaenda tribinali, akashindwa. Feza yote ya termosi ilikwenda kwa wengine.

Baridi ile ilimfundisha pia mambo ya vyuma, na hapa sisi wa Katanga tunasogeza kiti karibu. Pamoja na mwalimu wa umeme, Fleming, alipima nyaya ndani ya hewa ya maji. Shaba safi ikipozwa mpaka baridi ya azoti, inapitisha umeme vizuri kuliko katika joto la kawaida, karibu mara saba au nane. Na wakati chuma cha kawaida kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kinapasuka sawa chungu, shaba inabaki laini, inakunjika bila kulia. Shaba yetu haiogopi baridi.

Baada ya hewa, ilibaki idrojeni. Tarehe 10 mwezi wa 5, mwaka wa 1898, ekipe ilikandamiza idrojeni mpaka atmosfera 180. Tairi ya gari ndogo ni kama 2, ya lori kubwa haifiki 10: fikiria 180, na gazi yenyewe inawaka kwa cheche. Wakaipoza kwanza mpaka digrii 205 chini ya sifuri, halafu wakaiacha itoke kwa tundu dogo ndani ya chupa ya Dewar. Kama dakika tano, tiyo ikaziba kwa uchafu ulioganda. Lakini chini ya chupa kulikuwa na maji meupe, santimita 20 za ujazo, kijiko kimoja na kingine. Mtu wa kwanza duniani kuona idrojeni ya maji imetulia chomboni. Inachemka karibu digrii 253 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata akaigandisha ikawa jiwe. Mwaka wa 1904 akapewa cheo cha Sir, na mchoraji akamchora akionyesha idrojeni hiyo mbele ya wakubwa wa sayansi.

Ilibaki gazi moja tu, heliumu. Na hapo tabia yake ilimfunga miguu. Mtu aliyejua kutoa na kusafisha heliumu kuliko wote alikuwa Ramsay, profesa aliyeishi London hiyohiyo, umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini Dewar alikuwa amegombana naye mbele ya watu, juu ya mashini ya kijana mmoja, Hampson, aliyedai kwamba wazo la kupoza lilikuwa lake. Wakaacha kusaidiana. Dewar akatafuta heliumu katika gazi za maji ya moto ya mji wa Bath, ikaja imechanganyika na neoni, na neoni ikaganda na kuziba tiyo. Mwaka unapita, mwingine unapita.

Kule Leiden, Uholanzi, kulikuwa na Kamerlingh Onnes, naye anatafuta kitu kilekile. Mji wa Leiden ulikuwa na kidonda: mwaka wa 1807 mashua iliyojaa baruti ililipuka katikati ya mji na kubomoa mitaa. Kwa hiyo waliposikia kwamba profesa anakandamiza gazi karibu na nyumba zao, wakubwa walisimamisha kazi yake kutoka 1895 mpaka 1898, hata wataalamu walipochunguza hatari yake. Karibu miaka mitatu, bana! Mabwana wengi wa kazi wangesema hapo ni mwisho, usalama umeua kazi. Onnes hakufa. Mwaka wa 1901 alifungua shule ya mafundi ndani ya laboratwari, vijana wakafundishwa kupuliza vioo na kutengeneza mashini, wakapata ufundi wa kuishi nao hata nje ya pale. Tarehe 10 mwezi wa 7, mwaka wa 1908, ile ekipe ya mafundi na mashini zao ikapata heliumu ya maji, ndani ya chupa za Dewar, zikizungukwa na idrojeni ya maji ambayo Dewar alikuwa wa kwanza kuipata. Mwaka wa 1913 Onnes alipewa Nobel. Ramsay alikuwa ameipata tangu 1904. Dewar hakuipata hata mara moja.

Tusimfanye shetani. Alikuwa fundi wa mkono, jambo ambalo maprofesa wengi si hivyo. Pamoja na Abel alitengeneza mwaka wa 1889 baruti isiyo na moshi ya jeshi la Uingereza, na kampuni ya Nobel, yule wa dinamiti, ilishtaki juu yake ikashindwa. Vita ya 1914 ilipokuja na kuwachukua watu na feza, mzee aliacha baridi kubwa, akaanza kupuliza mapovu ya sabuni. Kweli, mapovu! Alipuliza makubwa sana, akayatunza ndani ya hewa safi yasipasuke kwa siku nyingi, akapima ngozi zao nyembamba. Mkono wa mtengeneza violini ulikuwa haujasahau. Alikufa London tarehe 27 mwezi wa 3, mwaka wa 1923, na miaka 80. Hakuacha mtoto.

Lennox alikuwa ameondoka siku nyingi kabla. Miaka yote aliyofanya kazi chini ya ile sala, na jicho lililobaki huko, mwishowe alichoka na yule bwana, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena nyumba ile mpaka Dewar awe ndani ya udongo.